Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tulioutumia Chini ya Misonobari

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha watazamaji wa nondo nawaletea taarifa yangu ya mwaka. Katibu ameshawatumia kumbukumbu za mkutano uliopita, na mhazini atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo mambo hayo mawili siyagusi. Nitasema tu kwamba ada zinaendelea kuchelewa, na mhazini ameacha kushangaa.

Mtakumbuka mkutano uliopita ulivyobishana. Hoja iliyopita kwa tabu ilikuwa kwamba mwaka huu tuelekeze macho kwa nondo-kipanga (jamii ya Sphingidae, nondo wenye mwili mnene) ambao viwavi wao hula miti ya koni: misonobari, mitarakwa, miberoshi na jamaa zao. Waliopinga walisema jamii ya nondo-kipanga ina aina zaidi ya 1,400 duniani, na wanaoishi kwenye miti hiyo ni wachache mno, sasa tujibane kwa nini? Nami, ingawa nilikuwa nimekalia kiti, moyoni nilikuwa upande wao. Nimebadilika, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni kueleza kilichonibadilisha.

Nianze na yule tunayemfahamu kuliko wote, Sphinx pinastri, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Aliyekomaa ni wa kijivu, mbawa zake zikitandazwa hupata sentimita saba au nane hivi, na katikati ya bawa la mbele ana vistari vyeusi kana kwamba mtu alikuwa akijaribu kalamu. Mchana hutulia kwenye gome la msonobari, na unaweza kuuegemea mti huohuo usimwone. Sifa hiyo anayo, lakini nondo wengi wanayo. Anayestahili kutazamwa mara mbili ni kiwavi wake.

Mlinganisheni na ndugu yake, Sphinx ligustri, anayekula majani mapana ya vichaka. Kiwavi wa ligustri ni kijani kibichi, na kila ubavu una mistari ya mshazari, zambarau ikipakana na nyeupe. Mshazari huo ndio vazi la nondo-kipanga wengi, na una sababu. Jani pana lina mishipa inayochepuka kutoka mshipa mkuu, na kiwavi mnene akining'inia chini yake hukatwa na mistari ile hata akaonekana majani mawili matatu yaliyolaliana. Peleka hila hiyo kwenye sindano ya msonobari na haina kazi, maana sindano haina mishipa ya pembeni ya kuigwa. Basi kiwavi wa pinastri ameachana na mshazari kabisa. Yeye ana mistari mirefu ya kijani, nyeupe na manjano, inayotoka kichwani hadi mkiani, na akikaribia kukomaa huongeza mgongoni ukanda wa hudhurungi, rangi ya kijitawi. Mweke juu ya karatasi utamwona kajipamba kama anakwenda harusini. Mrudishe kwenye sindano, geuka upige chafya, ukirudi kumtazama hayupo.

Kilichonimaliza mimi ni kwamba si yeye peke yake. Amerika ya Kaskazini kuna jenasi ya Lapara, nao hula misonobari, nao wamejipaka mistari mirefu. Hao wamekwenda mbali zaidi: hata ile pembe ya mkiani, ambayo kwa nondo-kipanga ni kama kitambulisho, viwavi wa Lapara hawana. Toka nje ya jamii kabisa, umtazame kiwavi wa Panolis flammea au wa Bupalus piniaria, nondo wa koo nyingine wanaokula msonobari, utakuta mistari ileile. Mti mmoja umewashonea wageni wake wote sare. Sijui fundi mwingine mwenye msimamo kama huo.

Sare hiyo ndiyo iliyotuponza katikati ya mwaka. Mwanachama mmoja alituletea picha za viwavi wenye mistari wakila sindano kwa makundi, na kwa siku kadhaa tulishangilia. Walikuwa watoto wa nyigu-msumeno, wadudu wa jamaa ya nyigu ambao watoto wao hufanana na viwavi. Kwa faida ya wote: hesabuni miguu laini ya tumboni. Kiwavi wa nondo hazidishi jozi tano, ukihesabu na ile ya mwisho kabisa mkiani. Watoto wa nyigu-msumeno wana jozi sita au zaidi. Tena kiwavi wa pinastri ana pembe, na hali kwa makundi. Mwanachama huyo aliomba radhi, nami namwambia hapa mbele ya wote kwamba hakuna radhi ya kuombwa, kwa kuwa picha zile zilipita mikononi mwa wajumbe wa kamati, mimi nikiwamo, na hakuna aliyehesabu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka mlichukue kwa uzito. Daftari letu la kumbukumbu lina safu iitwayo "mti". Nilipolipitia mwaka huu nikakuta safu hiyo imejazwa kwa namna tatu tofauti: mti ambao nondo alikutwa amepumzika, mti uliokuwa karibu na taa ya mtego, na mti ambao kiwavi alionekana akiula. Haya ni mambo matatu, na ni la tatu tu linalotuambia kiwavi anaishi kwa nini. Nondo aliyevutwa na taa huenda amesafiri kutoka mbali. Nondo aliyetulia kwenye gome amechagua gome linalofanana naye. Alipolala si lazima pawe ndipo alipokula.

Wakubwa kutuzidi walijikwaa hapo pia. Yupo nondo-kipanga wa magharibi mwa Marekani anayeitwa Sphinx sequoiae, jina alilopewa na Boisduval, mtaalamu wa wadudu Mfaransa, mwaka 1868. Kwa jina lake ungemtafuta kwenye sekwoya, miti ile mirefu kupindukia. Kumbe viwavi wake hula mitarakwa na mti mwingine wa koni uitwao Calocedrus decurrens. Jina limeshaandikwa na halitafutwa, ila sisi daftari letu tunaweza kulifuta. Boisduval huyohuyo, tumtendee haki, mwaka 1875 alimpa mwingine jina la cupressi, ambaye leo huitwa Isoparce cupressi, na huyo kweli ni wa jamaa ya mberoshi: kusini-mashariki mwa Marekani kiwavi wake hula Taxodium distichum, mti wa kwenye vinamasi unaopukutisha majani yake kila mwaka.

Kamati kwa hiyo imeigawa safu ya "mti" kuwa mbili, "alipokutwa" na "alichoonekana akila". Asiyemwona kiwavi akitafuna aiache ya pili wazi. Najua hili litapunguza kumbukumbu zetu, na wapo watakaonuna. Wanune.

Namna ya kumwona akitafuna, nayo, tumejifunza. Msonobari mrefu huwezi kuupekua, kwa hiyo tazama chini. Kinyesi cha kiwavi wa nondo-kipanga ni kama kipipa kidogo chenye mifereji sita kwa urefu wake, na cha kiwavi mkubwa kinaonekana bila lenzi. Tandika shuka nyeupe chini ya mti jioni, rudi asubuhi, ukikuta vipipa utajua tawi la kuanzia. Kazi hii haina heshima yoyote, lakini imetupa kumbukumbu safi kuliko mitego yote ya taa.

Upande wa ufugaji sina budi kujisema mwenyewe. Kundi la kwanza la viwavi nililokabidhiwa niliwawekea matawi ndani ya chupa ya maji ili sindano zisinyauke, na mdomo wa chupa sikuuziba. Waliteremka kwenye tawi mmoja baada ya mwingine hadi majini. Pamba kidogo tu ingetosha. Mwenzetu aliyefuga kundi la pili aliziba chupa yake, na siku viwavi walipoanza kuzurura bila kula aliwaandalia udongo laini wenye tabaka la sindano kavu juu, maana pinastri hageuki pupa (hatua ya kati ya kiwavi na nondo) juu ya mti: hushuka akajifukia, na humo hupitisha majira ya baridi. Pupa zake ziko salama. Zangu hazikupata kuwapo.

Niseme kidogo kuhusu nondo waliokomaa, kwa sababu swali lilirudi mara nyingi: je, nondo anaulipa msonobari chochote kwa sindano zilizoliwa? Haulipi. Msonobari huchavushwa na upepo, hauna maua ya asali, na nondo akishatoka kwenye pupa huenda kunywa kwingine, jioni, kwenye maua yenye mirija kama ya Lonicera, mmea unaotambaa. Mti mmoja humlea, ua la mmea mwingine hupata huduma yake. Lapara bombycoides hata huko haendi. Mrija wake wa kunyonyea umedumaa, hali kitu, anaishi kwa akiba aliyokusanya akiwa kiwavi. Kila mtu anamjua nondo wa Madagaska mwenye ulimi mrefu ambaye Darwin alimtabiri mwaka 1862. Mimi sasa namhesabu huyu asiye na ulimi kuwa wa kushangaza zaidi.

Tuliulizwa pia na watu wa misitu kama nondo hawa ni wa kuogopwa mashambani. Kwa kawaida pinastri hataabishi msitu. Hutaga mayai machache machache kwenye sindano, na nyigu wadogo wa vimelea pamoja na ndege humaliza sehemu kubwa ya uzao. Panolis flammea ndiye mwenye rekodi mbaya, kama walivyoonja Uskoti miaka ya 1970 kwenye mashamba ya msonobari wa kigeni kutoka Amerika, Pinus contorta. Kwa pinastri mashamba yamekuwa neema. Uingereza ya karne ya 19 alikuwa adimu, akijulikana zaidi Suffolk, mashariki mwa nchi. Katika karne ya 20 misonobari ilipandwa kwa wingi, hasa baada ya Forestry Commission, idara ya misitu ya serikali, kuundwa mwaka 1919, na nondo akaenea nayo.

Mengine ni mafupi. Warsha ya kutambua mayai haikufanyika kwa sababu hatukupata mayai. Jarida letu limetoka kwa wakati, mara ya kwanza tangu nishike kiti hiki, na sifa ni za mhariri. Mwaka ujao kamati inapendekeza tubaki kwenye miti hii kwa msimu mmoja zaidi, safari hii tukitazama mitarakwa na miberoshi, ambako daftari letu ni tupu kabisa. Pendekezo litapigiwa kura baada ya hesabu, na ninaomba mara hii tubishane kwa zamu.

Mwisho, masanduku ya kufugia yaliyoazimwa yarudishwe kwa katibu yakiwa yamesafishwa. Moja lilirudi na pupa ndani. Mwenye pupa hiyo ajitokeze kabla haijaamka.