Kumbukumbu za wakulima waanzilishi ziandikwe sasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kila tunapomzika mkulima mzee. Wazee waliohamia mashamba ya Kinangop na Ol Kalou wakati wa uhuru wanatuacha mmoja baada ya mwingine, na habari zao nyingi hazijaandikwa popote.

Marekani ilizinduka mapema. Sheria aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln mwezi Mei 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, mradi aishi hapo miaka 5, ajenge nyumba na kulima, na watu wengi wakafunga safari kuelekea magharibi. Katika miaka ya 1930, uchumi ulipoporomoka, serikali iliwaajiri waandishi waliokosa kazi, nao wakawahoji wazee, wakiwemo walowezi hao. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazotueleza kuwa tambarare za Nebraska zilikuwa na miti michache mno, hata mkulima akalazimika kukata udongo wenye nyasi kwa plau na kuupanga kama matofali, na kwamba paa la nyumba hiyo liliendelea kudondosha tope ndani hata baada ya mvua kukatika. Kinyesi kikavu cha nyati wa huko ndicho kilichokuwa kuni.

Kwetu, mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962 ulizipa ardhi familia zipatazo 35,000, wengi wao kwa mkopo. Marehemu baba alikuwa miongoni mwao. Mama husimulia jinsi alivyovua blanketi lake na kufunika mbegu za viazi usiku wa sakitu, kwa sababu mbegu zikiharibika hapangekuwa na fedha ya kulipia mkopo. Simulizi hiyo haimo katika kitabu chochote cha shule alichosoma mwanangu.

Naiomba Idara ya Nyaraka za Taifa, ikishirikiana na vyuo vikuu na serikali za kaunti, iwatume vijana wakawarekodi wazee hawa, kila mmoja kwa lugha aliyoizoea, wakianza na waliotimiza miaka 80. Wasiwasahau waliohamishwa. Zile ekari 160 za Marekani zilikuwa na wenyewe, watu wa asili waliofukuzwa, na simulizi nyingi za walowezi huwataja kwa kupita tu. Hapa petu, Wamaasai walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911 ili walowezi wa Kizungu wapate nafasi. Wajukuu wao nao wahojiwe katika kazi hiyo hiyo.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi