Barua kutoka Pittsburgh: tumesahau kukimbia na mpira

Pittsburgh, Pennsylvania
17 Januari 2021

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto, na shikamoo zangu mfikishie mama hapo Tanga. Sisi huku hatujambo. Korona haijaingia nyumbani kwetu, tunamshukuru Mungu, na baridi ni ile ile unayoijua.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Jumatatu asubuhi kabla ya kuingia kazini. Mechi ya mtoano ya Steelers wetu dhidi ya Browns wa Cleveland, kwenye ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilianza huku saa mbili na robo usiku wa Jumapili, kwa hiyo kwenu ilikuwa saa kumi na robo alfajiri, na bado uliamka. Hasira yako niliisikia. Ulisema mechi ilikufa pale senta wetu Pouncey, anayeuanzisha mchezo kwa kurudisha mpira nyuma, alipourusha ukapita juu ya kichwa cha kwotabeki Roethlisberger, mrushaji wetu wa pasi, na ukasema mkimbiaji wetu Conner hafai, aondoke. La kwanza silikubali, na la pili limeniuma. Kwenye simu huwa tunakatana maneno, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Kweli, mchezo wa kwanza kabisa, mpira nyuma, Karl Joseph wa Browns akaurukia ndani ya eneo letu la goli. Robo ya kwanza ikaisha 28 kwa 0. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na hao ni Cleveland, watu ambao hawakuwa wameonja ushindi wa mtoano tangu Januari 1995. Lakini tazama kilichofuata. Roethlisberger alirusha mara 68. Zikashikwa 47, na katika historia yote ya NFL hakuna aliyewahi kukamilisha pasi nyingi hivyo kwenye mechi moja. Yadi 501. Pasi nne zikanyakwa. Tukafungwa 48 kwa 37. Na kwa kukimbia, usiku mzima, hatukufika hata yadi 60.

Utaniambia timu iliyo nyuma kwa pointi 28 haina muda wa kukimbia. Sawa, nakubali. Basi tuuache usiku ule tuutazame msimu mzima. Yadi 84.4 kwa mechi. Wa mwisho kati ya timu 32. Kila tukimpa mtu mpira akimbie, wastani ni yadi 3.6. Huo si usiku mmoja mbaya, hiyo ni timu isiyojua tena kusukuma watu.

Na tulikuwa tukiliona, kaka. Tulishinda mechi 11 mfululizo, mji mzima ukawa unaimba, na kila wiki nilikuwa nikiona kitu kile kile: jaribio la tatu kati ya manne ya kusogea yadi kumi, imebaki yadi moja au mbili, na tunarusha. Wiki tatu za kwanza mambo yalikuwa mazuri, Benny Snell akapita yadi 100 kule kwa Giants, kisha Conner akazipita dhidi ya Denver na tena dhidi ya Houston. Baada ya hapo kisima kikakauka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi maradhi yetu tuliyafunika kwa rekodi ya ushindi.

Tarehe 7 Desemba wakaja Washington. Hiyo ndiyo mechi ninayotaka uitafute uitazame tena, kuliko hii ya Browns. Tulikimbia mara 14 tukapata yadi 21. Tulifika yadi moja kutoka mstari wa goli, tukashindwa kuivuka. Baadaye, robo ya nne, jaribio la nne, imebaki yadi moja tu, mpigaji wetu Boswell ni majeruhi kwa hiyo mkwaju wa pointi tatu hatuuamini. Yadi moja! Timu ya Pittsburgh, mwezi wa Desemba, nyumbani. Tukarusha pasi kwa McFarland, ikaanguka chini. Tukapoteza 23 kwa 17, na rekodi ikaishia hapo. Mimi msimu wangu uliisha kwenye ile yadi moja. Yaliyofuata yalikuwa mazishi yake.

Buffalo walipotupiga wiki iliyofuata waliushika mpira dakika saba za mwisho bila kuturudishia. Walikimbia, wakala saa, sisi tumesimama tunatazama. Kisha Bengals, waliokuwa na ushindi wa mechi mbili tu hadi siku hiyo, na kwotabeki wao wa tatu, wakatufunga 27 kwa 17. Tulipowageuzia Colts tukiwa nyuma 24 kwa 7 tukashinda 28 kwa 24, watu wakasema tumepona. Hatukuwa tumepona. Ile mechi tuliishinda kwa mkono wa Roethlisberger, na mkono wa mtu wa miaka 38 aliyepasuliwa kiwiko mwaka 2019 haukupi kitu kile kile kila Jumapili.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kocha wa mashambulizi, Randy Fichtner, aliamua pasi fupi ndizo zichukue nafasi ya kukimbia. Roethlisberger anasimama nyuma, anapokea, kufumba na kufumbua mpira umeshatoka mkononi. Msimu mzima aliangushwa na mpira mara 13 tu, na watu wakaisifu laini ya mbele kwa hilo. Haikuwa sifa ya laini, ilikuwa ni namna ya kuificha. Ukirusha haraka hivyo, hakuna anayepata muda wa kuona kwamba watu wako watano wa mbele hawamsukumi mtu yeyote.

Mabeki wa wapinzani nao si wajinga. Kufika Desemba walishajua hatutakimbia, na tukikimbia hatutafika popote. Kwa hiyo wale mabeki wawili wa mwisho, ambao kazi yao ni kukaa mbali wakiogopa pasi ndefu, wakawa wanasogea mbele. Wa katikati nao wakawa hawashtuki hata tukijifanya tunampa mkimbiaji mpira. Wote wakajaa ndani ya yadi kumi, mahali pale pale pasi zetu fupi zinapotua. Ndiyo maana wapokeaji wetu walikuwa wakigongwa kabla hawajageuka. Timu inayokimbia humlazimisha adui abaki na shaka. Yetu iliwaondolea shaka kabisa.

Na ulinzi wetu ulilipia. Wale vijana walikuwa bora kabisa, T.J. Watt peke yake aliwaangusha makwotabeki mara 15. Lakini sisi tukirusha pasi tatu zikaanguka chini, saa haijasogea, nao wanarudi uwanjani kabla hawajanywa maji. Devin Bush alikuwa ameshaumia Oktoba, Bud Dupree akaumia goti mwanzoni mwa Desemba. Waliobaki walichoka, na ukiitazama mechi ya Browns unaiona miguu yao ilivyokuwa mizito.

Sasa, kuhusu Conner. Kaka, usimseme vile. Huyu ni mtoto wa Erie, amesoma hapa hapa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akagunduliwa saratani ya limfu mwaka 2015, akatibiwa hapa, akarudi uwanjani mwaka uliofuata. Mkimbiaji wetu wa wakati huo, Le'Veon Bell, alipogoma msimu mzima wa 2018, ni Conner aliyebeba mzigo: yadi 973 na tachidauni 12, yaani mara 12 akauvusha mpira mstari wa goli, kwa mechi 13. Kwamba mwili wake unaumia mara kwa mara, nakubali. Kwamba hana kasi ya kutisha, nakubali pia. Lakini mara ngapi mwaka huu ulimwona akipokea mpira na tayari kuna mtu amemshika kiuno? Mkimbiaji hawezi kukimbia pasipo na njia, na njia hufunguliwa na wale watano.

Mkumbuke Bell mwenyewe. Desemba 2016, Buffalo, theluji inaanguka, akakimbia yadi 236, rekodi ya klabu. Mwezi uliofuata, mtoano, 167 dhidi ya Miami, kisha 170 kule Kansas City tukashinda 18 kwa 16 bila tachidauni hata moja. Alikuwa akipokea mpira na kusimama kidogo, anasubiri, halafu anachagua mlango. Watu walimsifu kwa subira yake, na alistahili, lakini alikuwa na cha kusubiri. Mbele yake walikuwa Pouncey, DeCastro, Foster na Villanueva wakiwa katika nguvu zao, na nyuma yao kocha wa laini Mike Munchak, ambaye mwenyewe alicheza nafasi hiyo hadi akaingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa.

Munchak aliondoka Januari 2019 kwenda Denver. Foster amestaafu mwaka jana baada ya misimu 11. Zach Banner aliharibika goti mechi ya kwanza ya msimu huu. Pouncey yuko hapa tangu 2010, DeCastro tangu 2012, Villanueva ana miaka 32. Mwaka 2018 tulikuwa wa 31 kwa kukimbia, 2019 wa 29, sasa wa 32. Miaka mitatu, kaka! Na katika miaka hiyo yote uongozi haukuwahi kutumia chaguo la kwanza la drafti, ule mgawo wa wachezaji wapya kutoka vyuoni, kwa mtu wa laini. Mara ya mwisho ilikuwa DeCastro mwenyewe, mwaka 2012. Wenzetu Browns mwaka jana walimleta Conklin kutoka Tennessee, wakamchukua Wills kwa chaguo la 10, wakampa Bill Callahan awafundishe, na wakamaliza wa tatu kwenye ligi kwa kukimbia. Usiku ule wa Jumapili kocha wao mkuu alikuwa nyumbani na korona, na bado Kareem Hunt alipita katikati yetu akafunga mara mbili.

Jirani yangu, yule mzee aliyefanya kazi kiwanda cha chuma, bado anamtaja Franco Harris kila tukionana. Anakumbuka Super Bowl, fainali ya ligi, ya Januari 1975, Franco akakimbia mara 34 kwa yadi 158, Vikings wakafungwa 16 kwa 6, na Pittsburgh ikapata ubingwa wake wa kwanza. Anamkumbuka Bettis pia, yule waliyemwita Basi, akiwakokota watu watatu mgongoni. Juzi aliniuliza kutoka upande wa pili wa ua, na barakoa yake usoni: "Hawa vijana wa siku hizi, ni nani aliyewaambia mpira wa hapa unachezwa hewani?" Sikuwa na jibu. Siombi turudi 1975, najua mchezo umebadilika na sheria zinapendelea pasi. Ninaomba yadi moja ikihitajika, tuweze kuipata. Upepo wa Desemba pale Heinz Field, mito miwili inapokutana, haujabadilika tangu uwanja ujengwe.

Alhamisi klabu imetangaza kwamba mkataba wa Fichtner hauongezwi, na wa kocha wa laini, Shaun Sarrett, vilevile. Sawa. Lakini nina hofu kubwa na kitakachofuata. Mji mzima sasa unazungumza habari ya mkimbiaji: Najee Harris wa Alabama, Travis Etienne wa Clemson. Alabama wametwaa ubingwa wa vyuo Jumatatu, na Najee ni mchezaji wa kweli, sina neno naye. Ila nilipokuwa nikitazama video zake, macho yangu yalikuwa kwa senta aliyemfungulia njia karibu msimu wote, Landon Dickerson, hadi alipoumia goti Desemba. Kuna na Creed Humphrey wa Oklahoma. Mkichukua Najee mkamweka nyuma ya laini hii, mwakani utanitumia ujumbe wa sauti ukiniambia Najee hafai.

Na pesa ni chache. Kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila timu kinatarajiwa kushuka kwa sababu viwanja vilikuwa vitupu, Roethlisberger peke yake anahesabiwa zaidi ya dola milioni 40, na Villanueva, Feiler, Banner na Conner wote mikataba imekwisha. Wengine wataondoka, hilo halina mjadala. Ndiyo sababu nasema drafti hii ni ya laini: senta kwanza, kisha mtu wa pembeni, mkimbiaji atapatikana raundi ya tatu kama alivyopatikana Conner.

Uliona picha ya Pouncey na Roethlisberger wamekaa kwenye benchi baada ya mechi, machozi yanawatoka, uwanja umeshakuwa mtupu? Sikuweza kumkasirikia yule mtu. Miaka 11 amesimama katikati. Ukimlaumu kwa mpira mmoja uliopita juu, na ukauacha salama uongozi uliokaa miaka minane bila kumtafutia msaidizi wa maana, hapo kaka utakuwa hujatenda haki.

Drafti inafanyika Cleveland, tena huko huko, usiku wa Alhamisi tarehe 29 Aprili, kwenu itakuwa saa tisa usiku kuamkia Ijumaa. Chaguo letu ni la 24, kwa hiyo una muda wa kulala kidogo. Weka simu karibu, nitakupigia kabla hawajalitaja jina. Na jezi ya Conner uliyosema utaigawa, usiigawe. Kama huitaki mpe mwanao mkubwa, atakapokuja kiangazi aje nayo.

Msalimie shemeji sana.

Ni mimi nduguyo,
wa Pittsburgh