Kurasa Zetu Zilizokosekana

Malaba, Ijumaa usiku

Mpendwa Mama Shamim,

Assalaam alaikum. Natumai wewe na baba watoto hamjambo, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Kazi ni ileile, karatasi za forodha hapa mpakani asubuhi hadi jioni, na madereva wanaopiga kwenye dirisha la ofisi wakiuliza kama mizigo yao imepita.

Fungua bahasha taratibu. Ndani utakuta kipande cha karatasi ya majani ya chai kilichokunjwa mara nne. Usikitupe. Nimefunga humo memori kadi, ndogo kama ukucha wa mtoto, na kwa ajili yake nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Ulishaniambia jinsi mtandao wa huko Arua unavyokutesa, basi nikaona heri vitabu visafiri kwa basi.

Unaikumbuka ile riwaya ya Dickens, Great Expectations, tuliyorithishwa bwenini na dada wa darasa la mbele? Haikuwa na jalada. Tukaipasua katikati ili mmoja asimsubiri mwenzake, nawe kwa kuwa ulisoma haraka ukawa unanigawia kurasa kumi kumi kama mkate. Tulifika pale Magwitch, yule mfungwa, anapokata roho. Pip, kijana mwenye hadithi, amemshika mkono, anamnong'oneza kwamba binti yake yu hai. Tukageuza ukurasa, hakuna kitu. Zilikuwa zimechanika zamani. Muhula mzima tukabishana. Wewe ukasema Estella, binti huyohuyo ambaye Pip alimpenda, atafiwa na mume, Pip atarudi amkute, watashikana mikono. Mimi nikakataa, nikasema yule msichana hamstahili.

Nimeupata mwisho, Mama Shamim. Baada ya miaka yote hii nimeupata, kwenye simu yangu.

Kuna kijana hapa ofisini anayesoma chuo jioni. Kila tukisubiri mfumo wa kompyuta ufunguke, yeye huinamia simu yake wala hachezi mchezo wowote. Siku moja nikamuuliza, akanionyesha: anasoma riwaya. Akanieleza kuhusu Project Gutenberg. Ni maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani; wanakusanya vitabu ambavyo haki zake zimekwisha muda, wanavichapa upya kwenye kompyuta, na mtu yeyote anachukua bure, hata jina lako hawaulizi. Aliyeanza ni Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1971. Sasa vimepita 70,000. Nilidhani ananitania. Nikaandika jina, Great Expectations, na kabla hajamaliza chai yake kilikuwa kimeshaingia.

Faili lenyewe halikufika hata MB moja! Tangu 2021 hapa Uganda tunalipa kodi ya asilimia 12 juu ya bando, kwa hiyo napima kila kinachoingia kwenye simu. Video moja ya harusi wanayonitumia akina shangazi inakula kuliko Dickens, Dumas na Tolstoy kwa pamoja. Tena kikishaingia hakihitaji mtandao tena.

Sikuanza mwanzo. Usiku ule umeme ulikatika, nikaingia ndani ya chandarua, nikageuza kioo cha simu kiwe cheusi na maandishi meupe ili nisimwamshe mtoto, nikaenda moja kwa moja pale kitabu chetu kilipokatikia. Zilikosekana sura tatu tu, ya 57 hadi ya 59. Na je, unajua aliyekuwemo kwenye zile kurasa? Joe! Joe mhunzi, shemeji aliyemlea Pip, ambaye Pip alimwonea haya mbele ya watu wa London. Pip anaugua mahututi, ana deni, wanataka kumkamata, anafumbua macho na anayemnywesha maji ni Joe. Anamuuguza kama mtoto mchanga. Pip anapopata nguvu, Joe anaanza kumwita "bwana" tena, halafu asubuhi moja hayupo. Ameacha barua fupi na risiti. Deni lote amelilipa, yeye fundi wa nyundo na mvukuto, akaondoka bila kungoja asante. Nililia hadi nikashika mdomo kwa shuka. Miaka yote tumekuwa tukibishana juu ya Estella, kumbe kilichochanika ni Joe.

Kuhusu Estella, ulishinda. Mume amekufa, Pip amerudi baada ya miaka kumi na mmoja, wanakutana jioni kwenye magofu ya ile nyumba alikolelewa Estella, na anamshika mkono. Lakini nami sikushindwa, kwa sababu miisho ipo miwili. Dickens aliandika kwanza mwingine: Estella ameolewa tena na daktari, wanakutana barabarani London, wanasalimiana, kila mtu anashika njia yake. Rafiki yake, mwandishi mwenzake Edward Bulwer-Lytton, akausoma kabla haujachapwa, akamsihi aubadilishe, naye akabadilisha. Ule wa kwanza ulitolewa na John Forster mwaka 1874 katika kitabu cha maisha ya Dickens, wakati mwenyewe ameshafariki. Nimekuwekea yote miwili. Anza na sura ya 57, tafadhali, kisha uniandikie kabla hujamwambia mtu.

Kwenye kadi nimeongeza vingine. The Count of Monte Cristo ya Dumas kina sura 117, lakini usiogope, kilitoka kipande kipande gazetini Ufaransa kuanzia 1844, kila sura imekatwa pale unapotaka kujua zaidi. Bibi yake Dumas mzaa baba alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika huko Haiti. Hilo darasani hatukuambiwa, nami nadhani lingebadilisha jinsi tulivyokishika kitabu. Vilivyobaki utaviona mwenyewe.

Kwanza weka kwenye simu programu iitwayo ReadEra, ni ya bure. Mafaili ni ya EPUB, si PDF. PDF ni kama picha ya ukurasa, ukikuza herufi inabidi uvute huku na huku. EPUB maneno yanajipanga upya yenyewe. Mkuzie mama herufi hadi maneno matano yakae kwenye mstari, uone kama hataweka miwani kando.

Kimoja hutakikuta, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote nilivyosoma mwaka huu: Kintu, cha Jennifer Nansubuga Makumbi. Kinafungua na Bwaise, Mama Shamim. Bwaise yetu ya mafuriko, pale Kampala, mwaka 2004, watu wanamuua kijana kwa kumwita mwizi. Halafu kinarudi hadi 1750, Buddu, jimbo la Buganda, kwa mtu anayemzaba kofi mtoto aliyemlea na mtoto anakufa, na laana inashuka hadi kwa wajukuu wa leo. Nimezoea kusoma riwaya nikijitahidi kufikiria theluji na mahali pa kuotea moto. Hapa sikujitahidi kitu, nilijua hata harufu. Kilitoka kwanza Nairobi mwaka 2014, baada ya mswada wake kushinda tuzo ya Kwani?, jarida la fasihi la hukohuko. Nilikinunua kama kitabu pepe, nikatumia kadi ya benki ya kaka kisha nikamrudishia pesa.

Ningeweza kukuhamishia kwa ujanja. Sitaki. Mwaka jana kundi moja la wasomaji lilinitumia riwaya mpya ya bure, mtu kaipiga picha kwa simu, kurasa zimepinda, na katikati nane hazipo. Nikajiona niko bwenini tena. Mwandishi yu hai, anakula kwa kalamu yake, na sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nimekutumia pesa kidogo kwenye simu. Ukishuka Kampala siku ya Idi, pita duka la vitabu uchukue cha karatasi.

Sasa nina shida yangu.

Kuna dereva mmoja, mzee wa Mombasa, hupitisha ngano hapa kwenda Kampala. Siku moja alinikuta nimeinamia simu, akauliza nasoma nini. Nikamsimulia mwanzo: mtoto yatima makaburini, mfungwa mwenye pingu anaibuka kati ya makaburi. Akavuta benchi. Tangu hapo kila safari ananidai kipande chake, na wenzake wameanza kumzunguka. Wiki iliyopita alirudi baada ya siku tisa, hata hajasalimu vizuri, akasema: "Yule Joe bado yuko peke yake?" Nikamwambia nitamwekea kitabu kwenye simu yake. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, Kiingereza changu ni cha risiti na mizani. Nipe cha Kiswahili."

Nikatafuta riwaya za Kiswahili mle mlimojaa vitabu vya bure, nikarudi mikono mitupu. Sababu naijua, zetu nyingi kubwa si za zamani kiasi hicho. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, mwaka uleule yule Mmarekani alipoanza kuchapa, na Kezilahabi mwenyewe amefariki juzi tu, 2020. Haki bado ni za familia yake, na ni halali yao. Lakini basi wachapishaji wetu wangeviuza kwa simu, kwa bei ya dereva, kwa pesa za simu. Mzee huyu angenunua leo leo. Kila siku watu kama yeye wanapita mbele ya dirisha langu, wana simu mkononi na siku mbili za kusubiri, na hakuna anayewauzia hadithi.

Ndipo nikakumbuka kabati la marehemu Mwalimu, baba yako. Si kulikuwa na kile cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka? Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kukichapa, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ukerewe ni kisiwa cha ziwa letu hilihili la Viktoria, upande wa kusini, na ndiko alikozaliwa Kezilahabi pia. Nilikisoma nusu likizo ile niliyokuja kwenu: mke amerudishwa kwao kwa kukosa mtoto, mume anakwenda kumwomba kwa wakwe, wanamdai pombe ya ndizi. Mzee wa Mombasa atakipenda, najua.

Kama mchwa hawajakifikia, kifunge kwenye nailoni unitumie kwa basi hilohilo. Nitakisoma pale dirishani kwa sauti, nitakirudisha kama kilivyo, bila hata kukunja kona ya ukurasa.

Mzee atapita tena kabla mwezi haujaisha. Tumefika sura ya 56, Magwitch amekufa, na sijamwambia kama kuna zaidi. Ukiniandikia mapema ni mwisho upi unaoupenda, ndio nitakaomsimulia kwanza.

Wasalimie wote, hasa mama.

Rafiki yako wa kitanda cha juu,
Hadija