Msitafute majaji wetu

Ndugu zangu vijana wa mrengo wa kushoto,

Rasimu yenu ya mageuzi ya mahakama ya juu imenifikia na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana niliona kizazi kinachojua kwamba haki ya mfanyakazi inaweza kupitishwa na bunge asubuhi na kufutwa na mahakama jioni. Mara ya pili nilikosa usingizi. Ibara ya nne inasema tukishika dola tuongeze idadi ya majaji, kisha tuteue "majaji wetu, wenye msimamo wa wananchi". Maneno ya namna hiyo niliwahi kuyaandika kwa mkono wangu nikiwa na umri wenu, katika azimio la tawi la chama cha wafanyakazi. Nawajibu hadharani kwa sababu rasimu imeshasambaa, na wapo wa rika langu wanaowapigia makofi bila kuwasimulia yaliyowapata wenzetu kwingine.

Mlipo na haki nakiri. Ujamaa haujawahi kuiona mahakama ya juu kama mizani iliyoning'inia hewani isiyoguswa na mkono wa mtu. Majaji wametoka katika matabaka, wengi wao walikuwa mawakili wa wateja wenye fedha, na sheria waliyofundishwa ilijengwa kulinda mali kwanza na mwenye jasho baadaye. Mwaka 1901 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, liliamua kwamba chama cha wafanyakazi wa reli kinaweza kushtakiwa kwa hasara iliyotokana na mgomo. Chama kikaishia kuilipa kampuni ya reli ya Taff Vale pauni 23,000. Miaka minne baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta, kwa kura 5 dhidi ya 4, sheria ya New York iliyosema mwoka mikate asifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Hoja yao ilikuwa uhuru wa mkataba, kana kwamba mtu mwenye njaa na mwenye kiwanda hukaa mezani wakiwa sawa.

Kwa hiyo anayewaambia mahakama haina siasa, msimsikilize. Tatizo langu ni dawa mliyoiandika.

Kisa ninachotaka mkikalie kwa muda ni cha India, kwa sababu waliokitenda walizungumza lugha yetu. Mwaka 1969 serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ilitaifisha benki kubwa 14. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1967, mahakama hiyo ilikuwa imesema Bunge halina uwezo wa kupunguza haki za msingi zilizomo katika Katiba, na haki ya mali ilikuwa mojawapo. Hebu fikirini hasira yake: nchi yenye mamilioni ya wakulima wasio na ardhi, bunge lililochaguliwa kwa kishindo, halafu majaji wachache wanasimama mlangoni. Mimi ningekasirika. Nilikasirika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Ndipo ikaja kesi ya Kesavananda Bharati, kiongozi wa dini kutoka jimbo la Kerala aliyepinga sheria za kugawa ardhi. Jopo la majaji 13 likatoa hukumu tarehe 24 Aprili 1973, 7 dhidi ya 6: Bunge linaweza kurekebisha Katiba, lakini haliwezi kuubomoa muundo wake wa msingi. Kesho yake serikali ikamteua A. N. Ray kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa miongoni mwa wale sita waliokuwa upande wa serikali, na ili kumfikia ilibidi kuwaruka majaji watatu waliomtangulia kazini, kinyume cha desturi. Wote watatu wakajiuzulu. Waziri Mohan Kumaramangalam, aliyekulia katika chama cha kikomunisti, akasimama bungeni kutetea uteuzi huo, akisema serikali ina haki ya kuangalia falsafa ya jaji kabla ya kumpa uongozi. Isomeni ibara yenu ya nne pamoja na hotuba yake, mtadhani zimetoka kwenye kalamu moja.

Miaka miwili na kidogo baadaye, Juni 1975, hali ya hatari ikatangazwa. Makumi ya maelfu ya watu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Familia zao zikakimbilia mahakamani, na Mahakama Kuu tisa za majimbo zikasema mahabusu wana haki ya kusikilizwa. Serikali ikakata rufaa. Aprili 1976, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Ray ikaamua, 4 dhidi ya 1, kwamba maadamu hali ya hatari ipo hakuna mtu anayeweza kwenda mahakamani kuhoji kufungwa kwake. Hakuna hata mmoja. Na waliokuwa ndani hawakuwa mabepari. Walikuwemo wapinzani wa kila rangi, wakiwemo wanachama wa vyama vya wafanyakazi. George Fernandes, msoshalisti aliyeongoza mgomo mkubwa wa reli wa mwaka 1974, alikamatwa Juni, wiki chache baada ya hukumu hiyo. Mwaka huohuo serikali hiyohiyo ikaliingiza neno la ujamaa katika utangulizi wa Katiba. Neno letu likaandikwa juu ya mlango, na watu wetu wakafungiwa ndani.

Jaji mmoja aliyekataa aliitwa H. R. Khanna. Januari 1977 ilikuwa zamu yake kuwa Jaji Mkuu. Akarukwa, akajiuzulu. Sasa tazameni jambo hili, ndugu zangu, kwa kuwa ndilo lililonibadilisha. Khanna alikuwa miongoni mwa wale saba wa mwaka 1973 walioikatalia serikali, kwa hiyo katika orodha ya "majaji wetu" asingekuwemo. Lakini katika hukumu yake ya mwaka 1973 ndimo alimosema haki ya mali si sehemu ya muundo wa msingi, na hivyo kuuacha wazi mlango wa kugawa ardhi. Mwaka 1978, serikali ile ikiwa imeshaondolewa kwa kura, Bunge liliitoa haki ya mali katika orodha ya haki za msingi kwa marekebisho ya kawaida ya Katiba. Kile kilichodhaniwa hakipatikani mpaka majaji watatu warukwe kilipatikana bila kumruka yeyote.

Mtaniambia India ni mbali na miaka imepita. Basi tazameni silaha yenyewe inavyobadili mikono. Nchini Argentina, mwaka 1990, Rais Carlos Menem aliongeza majaji wa Mahakama ya Juu kutoka 5 hadi 9, na mahakama hiyo mpya ikamsaidia kuuza mashirika ya umma. Alifanya neno kwa neno kile mnachopendekeza, kwa shabaha iliyo kinyume kabisa na yenu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkihalalisha kwamba atakayeshinda uchaguzi ajipimie ukubwa wa mahakama, mtakuwa mmemwandikia sheria mtu msiyemjua, na siku akija hamtakuwa na pa kushtaki.

Najua mfano mtakaonirudishia, maana nami niliupenda: Rais Roosevelt wa Marekani. Februari 1937 alitaka kuongeza majaji wapya, hadi sita, katika Mahakama ya Juu, na muda si mrefu mahakama ikakubali sheria ya kima cha chini cha mshahara, katika kesi ya Elsie Parrish, mfanyakazi wa kusafisha vyumba vya hoteli aliyekuwa akidai mapunjo yake. Watu husema vitisho ndivyo vilivyofanya kazi. Lakini majaji walikuwa wameipigia kura kesi hiyo Desemba 1936, kabla mpango haujatangazwa, na Julai 1937 Seneti iliyojaa wanachama wa chama chake mwenyewe iliurudisha mpango huo kwenye kamati kwa kura 70 dhidi ya 20. Kilichokuwa kimebadilika ni nchi: uchaguzi wa mwaka 1936, na wafanyakazi waliojipanga viwandani. Waingereza nao hawakumgusa jaji hata mmoja baada ya hukumu ya Taff Vale. Vyama vilijiunga kwa wingi na chama kichanga cha Labour, mwaka 1906 kikapata wabunge 29, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria iliyovikinga vyama dhidi ya madai ya aina ile.

Sasa niwaambie la kwangu. Niliwahi kuwa katibu wa wafanyakazi walioachishwa kazi bila malipo yao. Tulishinda mahakama ya chini. Mwajiri akakata rufaa, akashindwa, akakata tena. Kutoka siku tulipofungua shauri hadi hukumu ya mwisho ilipita miaka 11, na hukumu hiyo ilikuwa ya ushindi. Nilipokwenda kuwapelekea wenzangu habari, wanne walikuwa wamekwisha kufa, na mjane mmoja aliniuliza kama fedha hizo zingetosha kulipa deni la wakili. Hazikutosha. Majaji wale hawakuwa adui zetu kiitikadi, hata mmoja. Tuliumizwa na ada, tarehe za kuahirishwa, jalada lisiloonekana, na lugha ambayo mwenye shauri hakuielewa. Mwenye fedha anaweza kusubiri miaka 11 na asihisi chochote.

Hapo ndipo ningependa ujamaa uelekeze macho yake. Mnauliza nani aketi juu. Ulizeni pia nani anaweza kufika hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 22, inamruhusu mtu kufungua shauri la haki za msingi kwa ajili ya wengine wasioweza, na inakataza kutoza ada ya kulifungua. Nchini Ujerumani mwananchi anaweza kupeleka malalamiko yake Mahakama ya Katiba bila ada, na hahitaji wakili wa kumwandikia. Na India, baada ya giza lile, mahakama ilianza kupokea barua za kawaida kama mashauri. Mwaka 1982 ikaamua kwamba kumlipa mfanyakazi chini ya kima cha chini cha mshahara ni kumtumikisha kwa nguvu. Aliyeandika hukumu hiyo ni Jaji P. N. Bhagwati, mmoja wa wale wanne wa mwaka 1976. Sisemi hilo linamsafisha. Nasema mlango ulipofunguliwa kwa wanyonge, hata jaji yuleyule alianza kusikia mambo mengine.

Kuhusu uteuzi wenyewe, yapo mengi ya kudai bila kuwateua jamaa zetu. Kipindi kimoja kisichoongezwa, kama miaka 12 ya Ujerumani, humwondolea jaji tamaa ya kumpendeza anayeweza kumwongezea, na huzuia kiti kugeuka urithi wa rais aliyebahatika kupata nafasi nyingi. Theluthi mbili ya kura za bunge huko huwalazimisha wapinzani kukaa chumba kimoja mpaka wapate jina. Mwaka 2024 Wajerumani walikiingiza kipindi hicho kimoja katika Katiba yao, kwa sababu waliona mahakama za jirani zao zinavyotekwa. Kuwachagua majaji kwa kura ya wananchi, mlikokugusia katika ibara ya sita, mimi sikushabikii. Bolivia walijaribu mwaka 2011 na kura zilizoharibika pamoja na tupu zikazidi halali. Mexico mwaka 2025 waliojitokeza walikuwa takriban 13 kwa kila 100. Mpiga kura akiletewa majina asiyoyajua, mwenye mtandao wa chama ndiye anayechagua.

Na swali lenu gumu kuliko yote: kama waliotutangulia wameshaijaza mahakama watu wao, tukae tu? Hapana. Kenya walikuwa na mahakama iliyopoteza imani ya watu. Hawakumpa rais orodha. Walipitisha Katiba kwa kura ya maoni Agosti 2010, iliyomtaka Jaji Mkuu aliyekuwepo kuondoka katika kiti hicho ndani ya miezi sita na kuwataka majaji wote wengine wachunguzwe na bodi, ambayo ndani yake waliketi majaji kutoka nchi nyingine. Wapo waliofukuzwa. Waombaji wa kiti cha Jaji Mkuu wakasailiwa mbele ya umma. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama iliyozaliwa katika mageuzi hayo ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Ni kazi ndefu na yenye makosa yake, lakini, ukimwondoa Jaji Mkuu, kanuni ilikuwa moja kwa kila jaji, na ilipitishwa na wananchi kabla ya kujulikana itamwangukia nani.

Nimewarudishia nakala yangu ya rasimu, yenye maandishi ya penseli pembeni. Ibara ya nne nimeifuta yote. Ya sita nimeweka alama ya kuuliza, tuijadili tukikutana. Ya saba, ya muda wa majaji, ongezeni kwamba mabadiliko yoyote ya idadi ya majaji yaanze kutumika baada ya uchaguzi unaofuata, ili anayeyapitisha asijue ni nani atakayeyafaidi. Ibara ya tisa, ya ada na msaada wa kisheria, msiiguse. Iliyopo sasa ni bora kuliko ambayo ningeiandika mimi. Ihamisheni tu, iwe ya kwanza.

Mzee wenu,
katibu mstaafu wa chama cha wafanyakazi