Kikundi cha kutazama ndege Mida kifuate maji, kisifuate basi

Mhariri,

Kaskazi inavuma, na vikundi vya wanafunzi na wageni vinafika hori ya Mida, karibu na Watamu, kutazama ndege wa pwani waliokimbia baridi ya Siberia na Asia ya Kati. Vingi hufika saa nne asubuhi, kwa kuwa ndivyo basi lilivyokodiwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi kuandama au mpevu, hiyo ndiyo saa ya maji kupwa: ndege wametawanyika mbali kwenye matope, na mtoto aliyeamshwa alfajiri anaonyeshwa vitone vyeusi.

Mvuvi yeyote angewaambia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ndani ya hori hukawia zaidi kuliko bahari kuu, maana mlango wake ni mwembamba. Tazameni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, mchague siku yenye maji ya mita 3 au zaidi, na mwe mmeshatulia muda wa saa mbili au tatu kabla hayajajaa. Maji mafu, yaani ya siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, hayafai. Matope mengi hubaki wazi, na ndege hawana haja ya kukusanyika.

Mkishakaa, kaeni. Maji yenyewe ndiyo yatakayowasogeza ndege. Anayetoka kuwafuata huwarusha wote, na zaidi ya hapo mikondo hujaa nyuma yake kabla hajageuka. Viatu viwe vya kufunga kamba: ndara hubaki topeni, na mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyochomoza huchoma nyayo.

Darubini ya mkono ya 8x42 (hukuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) yatosha kwa ndege wa karibu. Ile ndefu ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, ya kuonea mbali, ni ya lazima, walau moja kwa watu kumi. Ikitikiswa na upepo, fupisha miguu yake na utundike mkoba katikati. Jua liwe mgongoni, la sivyo kila ndege ataonekana mweusi.

Anayewavuta wengi Mida ni yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mnene kama patasi. Hutaga ndani ya mashimo ya mchanga, kwenye pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Mtazame vizuri: nyuma yake mara nyingi yupo kinda wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, bado anaomba kulishwa. Ndege aitwaye sululu mtamjua kwa mdomo uliopinda chini. Maji yakijaa hupanda juu ya mikoko.

Umbali ni jambo ambalo viongozi wa vikundi hulipuuza. Ndege waliolala wakiinua vichwa kwa pamoja, mmeshakaribia mno. Wakianza kutembea, rudini nyuma. Kosa hili ni baya zaidi Machi na Aprili, wanapojaza mafuta ya safari ya kaskazini. Kila wakirushwa, wanachoma akiba hiyo na kupoteza muda wa kula, na matope huwa wazi kwa saa chache tu.

Waandaaji, basi likodiwe baada ya kusoma jedwali. Likifika saa nane mchana badala ya saa nne, gharama ni ileile.

Mpenda ndege,
Kilifi