Sanduku la vitoto wa nguruwe kabla baridi haijakaza

Wafugaji wenzangu wa Njombe, wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Kabla fundi hajapiga msumari Jumamosi, tukubaliane jambo moja: hatupashi joto banda zima. Mama nguruwe anataka nyuzi 18 hadi 22 hivi. Ukimzidishia anahema, chakula anasusa, maziwa yanapungua. Kitoto aliyezaliwa leo anataka 32 hadi 35, maana mwilini hana akiba ya mafuta. Kwa hiyo tunajenga sanduku pembeni ya mama: mbao, mfuniko juu, mlango mdogo ambao mama hapiti, chini maranda makavu, na taa ya joto ining'inie kwa mnyororo (si kwa waya wake wa umeme, jamani). Kila wiki ipandisheni kidogo, joto lishuke nyuzi 2 hivi.

Kipimajoto ni kizuri, ila vitoto wenyewe ndio wanaosema. Mwezi uliopita nilichungulia saa tisa usiku nikakuta wangu wamelaliana kama magunia ya viazi, wa chini wanapiga kelele. Balbu ilikuwa imeungua. Wakilala ubavu wamegusana tu, wako sawa. Wakikimbilia kona ya mbali na taa, joto limezidi.

Turubai lizibe upepo wa chini, juu pabaki wazi. Ukichuchumaa humo macho yakawasha, hewa haitoki. Jiko la mkaa ndani, hapana kabisa.

Kila mmoja aje na kiroba kimoja cha maranda. Luku nimeshanunua.