Mgao wa Kaunti Usicheleweshwe

Mhariri,

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda serikali 47 za kaunti, na tangu uchaguzi wa 2013 zahanati, hospitali za kaunti, masoko na huduma za kilimo zimo mikononi mwa magavana. Ibara ya 219 inaagiza mgao wa kaunti utumwe bila kucheleweshwa pasipo sababu, ilhali mara nyingi Hazina ya Kitaifa imeuchelewesha kwa miezi, na mgonjwa aliyeandikiwa dawa katika zahanati ya umma huishia kuelekezwa kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Inaudhi zaidi kwamba kile kiwango cha chini cha asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa, ambacho kaunti lazima zigawiwe, hukokotolewa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, hivi kwamba wabunge wakizembea kuziidhinisha, kaunti hupimiwa kwa mapato ya miaka iliyopita. Magavana nao wana lawama yao, hasa kuhusu madeni ya wakandarasi. Hata hivyo, Seneti, iliyoundwa kutetea kaunti, isikubali mwaka wa fedha ufungwe kabla mgao wote haujatumwa.

Msomaji, Kilifi